Tupeane uzoefu: utundu wa kwenye katuni ulipoingia nyumbani kwako, nini kilifuata?

BabaMapacha

Wakuu, salamu. Naomba tupeane uzoefu, wazazi, walezi, walimu, na hata nyinyi mliokuwa watukutu enzi zenu.

Mwanangu mmoja, ana miaka 6, wiki iliyopita alifunga kamba mlangoni, usawa wa kifundo cha mguu, akajificha nyuma ya kiti. Nilikuwa natoka chumbani nimebeba nguo zilizokunjwa mpaka kidevuni, chini sioni. Nikaenda chini mzima mzima. Goti likagonga sakafu, mdomo ukapasuka. Nilisikia kicheko kwanza, halafu kikakatika ghafla. Nilipogeuka nikamkuta amesimama, macho yamemtoka, anaangalia damu. Akalia kuliko mimi niliyeumia.

Alipotulia nikamuuliza alitegemea nini. Akajibu: "Nilidhani utainuka hapo hapo."

Nilikuwa nimeshapandisha hasira, lakini jibu hilo lilinimaliza nguvu. Mtoto hakutaka kuniumiza. Alitaka baba aanguke, nyota zizunguke kichwani, kisha baba asimame amkimbize sebule nzima. Fundo alilifunga vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe nilishindwa kulifungua, ikabidi nikate. Kwa hiyo mtego aliujifunza wote. Mdomo uliopasuka hajawahi kuonyeshwa.

Sijaja kulaani katuni, nazipenda tangu utotoni. Nataka visa: mtoto aliiga nini, kikatokea nini, ukafanyaje?

DadaWaPili

Pole sana kaka. Mimi naleta kisa changu mwenyewe, nilikuwa na miaka 8.

Mnamkumbuka yule koyote wa katuni, mnyama wa Marekani anayefanana na mbweha, anayemfukuza ndege mwenye mbio? Kuna mahali anachora handaki kwenye mwamba ili ndege ajigonge, ndege anapita ndani ya mchoro kama njia ya kweli, koyote akijaribu yeye anagonga jiwe. Nilivutiwa mno. Nikachukua mkaa nikachora handaki kwenye ukuta wa korido, kubwa, na reli ndani. Nilikusudia kaka yangu mkubwa aingie. Aliyekuja mbio ni mdogo wetu wa miaka 3.

Alipata nundu kwenye paji la uso, kubwa kama limau. Sijasahau mlio ule. Mama hakunipiga. Alinipa ndoo na brashi, akasema ukuta urudi ulivyokuwa. Nilisugua siku tatu. Haukurudi. Lilibaki doa la kijivu lenye umbo la handaki, na kila nilipopita hapo niliona kichwa cha mdogo wangu. Fimbo ningeisahau, lakini doa lile nimeishi nalo mpaka tulipohama.

Mchoraji_wa_Usiku

Kazi yangu ni kuchora picha za katuni, naomba niseme kidogo kuhusu upande wetu, maana mara nyingi watu hudhani sisi tunaweka vurugu tu.

Filamu ya kwanza ya Tom na Jerry ilitoka mwaka 1940, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera, na wakati huo paka aliitwa Jasper. Kisa chote kinasimama juu ya onyo moja: paka akivunja kitu kimoja tena, anatupwa nje. Panya akilisikia hilo anakuwa mfalme. Anasogea na glasi mpaka ukingoni mwa meza, na paka anaganda. Angalieni mtoto akitazama sehemu hiyo. Hapumui. Raha yote iko kwenye kusubiri, kujua kitakachotokea kabla hakijatokea. Mtu ambaye haelewi kwamba kosa lina matokeo hawezi kucheka hapo.

Koyote naye, Chuck Jones aliyeanza kumchora mwaka 1949 alijiwekea kanuni: ndege asimdhuru koyote moja kwa moja zaidi ya kumshtua kwa mlio wake, koyote aangushwe na mitego yake mwenyewe na nguvu ya mvutano ya dunia. Ndiyo maana anabaki hewani mpaka atazame chini. Kwa hiyo adhabu ipo, tena ya haki kabisa.

Ila BabaMapacha amegusa penyewe. Kinachokosekana ni muda. Ukimvisha mhusika bandeji kichwani, bandeji hiyo itabidi ichorwe katika kila picha mpaka mwisho wa kisa, na kichekesho kinachofuata kinamhitaji akiwa mzima. Basi tunaifuta. Onyesho linalofuata manyoya yamerudi, meno yamerudi, nyumba imesimama. Mtoto mdogo haoni mkato huo, yeye anaona mtu amepona.

Mzee_Mtulivu

Mimi natofautiana kidogo na nyinyi. Tumeangalia mabomu na nyundo utoto wetu wote, na tumelea familia. Binti yangu akiwa na miaka 4 nilimuuliza kama paka ameumia, akanishangaa: "Baba, huyo ni wa kuchora." Msiwafanye watoto hawana akili.

Mwalimu_wa_Awali

Mzee, shikamoo. Ni kweli watoto wengi wanajua, lakini kujua hakuzuii mkono. Naomba nieleze kitu ninachokitumia sana kazini.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa matokeo ya jaribio. Watoto walionyeshwa filamu ya mtu anayempiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Kundi moja liliona mtu huyo akizawadiwa, jingine likaona akiadhibiwa, la tatu halikuona lolote likimpata. Walipoachiwa wacheze, walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wenzao. Lakini walipoahidiwa zawadi ndogo kwa kila kitendo watakachoweza kuonyesha, tofauti ile ikatoweka. Wote walikuwa wameshika vitendo, hata wale walioona adhabu.

Nilipoelewa hilo nilibadili namna ya kufundisha. Adhabu mwishoni mwa kisa inaweza kumfanya mtoto asitende leo, haifuti alichojifunza. Kamba, fundo, usawa wa kifundo, vyote vimo kichwani. Kwa hiyo darasani sisubiri mwisho. Nasimamisha picha pale mhusika anaponyoosha mkono kwenye kitasa cha mlango wenye ndoo juu yake, nawauliza: nani anapita mlango huu kila siku? Wanaanza kutaja watu. Mara ya kwanza kabisa, mtoto mmoja alisema taratibu, "Na bibi yangu angepita?" Darasa likanyamaza.

Mlezi_K

Ninayemlea hasikii tangu kuzaliwa. Vipindi vingi vinampita, ila yule kondoo Shaun alianza naye na wakaelewana, kwa sababu mle hakuna anayeongea, kila kitu ni macho na mwili. Kondoo wanavuruga, mbwa anasikia hatua za bwana shamba, wote wanahangaika kurudisha vitu mahali pake kabla mlango haujafunguka. Mwanangu hucheka sana hapo kwenye kurudisha, kuliko kwenye kuvuruga. Siku moja alimwaga rangi zake zote. Nilipoingia nikamkuta yuko mbioni anapanga na kufuta, huku ananitazama kwa jicho la yule mbwa. Nikaingia tukafuta wote. Sina malalamiko na katuni hiyo.

BibiWaSita

Wanangu, someni na hili.

Mjukuu wangu wa miaka 5 anampenda Masha wa kutoka Urusi, yule mtoto wa katuni mwenye kitambaa cha waridi kichwani anayemsumbua dubu. Mimi pia nampenda, ana moyo mzuri. Siku moja mjukuu alifungua mfuko wa unga, akaumwaga sakafuni, akachora njia kwa vidole, akapita nao vyumba viwili. Kisha akakaa ametulia kabisa, hana hofu wala haya. Nikamuuliza, sasa itakuwaje? Akanitazama kwa upendo: "Dubu atasafisha." Dubu yuko wapi? "Dubu ni wewe, Bibi."

Nilikaa chini nikawaza. Kweli kabisa, mle ndani mtoto anavuruga na dubu anashika ufagio. Na kweli kabisa, nyumbani kwangu ni hivyo hivyo. Katuni haikumdanganya. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuta kila kitu yeye akiwa amelala, akiamka anakuta nyumba ni mpya.

Siku hiyo sikufuta. Tulifagia pamoja, kiganja chake kidogo na changu, mpaka jua likazama. Alichoka, akalia kidogo, tukaendelea. Tangu hapo anavuruga bado, ila akianza ananiuliza kwanza kama ufagio upo.

Mzee_Mtulivu

Bibi, nimekuelewa. Na mwalimu, marahaba. Lile swali la nani anapita mlangoni nitalitumia kwa wajukuu.

BabaMapacha

Nawashukuru wote, nimesoma kila neno. Bibi, la kufuta mtoto akiwa amelala limenigusa, maana damu ile kwenye nguo niliifua usiku ule ule ili asiione tena.

Mdomo wenyewe nimeshindwa kuuficha. Kila asubuhi anakuja kitandani kabla sijaamka vizuri, anauangalia kwa karibu na kuuliza, "Bado?" Namwambia bado. Siku ya tatu alikasirika, akasema inachukua muda mrefu mno. Nikamwambia ndiyo, inachukua muda. Leo ni siku ya nane. Amekuja tena, amegusa kigaga kwa ncha ya kidole, akasema imebaki kidogo.