Tofali za udongo za kushindilia, zinadumu kweli?

mjenzi_mpya: Wakuu, nataka kujengea zile tofali za udongo za mashine zisizochomwa, fundi wangu ananicheka eti mvua ikinyesha zinayeyuka. Nani ashatumia?

fundi_mwashi: Udongo mtupu utayeyuka kweli, hajakosea. Ila ukichanganya simenti asilimia 5 mpaka 10, ukazifunika na kuzimwagia maji wiki 3 au 4 zinakaza vizuri tu, sasa watu wana haraka wanazianika juani kesho yake zikipasuka wanalaumu udongo. Msingi uinue na paa litokeze nje.

kokoto: Simenti yenyewe ndo inatoa kama asilimia 8 ya hewa ukaa (ile inayopasha dunia joto) inayotolewa na binadamu duniani, na zaidi ya nusu haitoki kwenye moto, inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe likipikwa, kwa hiyo hata uwashe tanuri kwa umeme wa jua bado itatoka. Teknolojia mbadala wa simenti zipo, ila mainjinia wanaogopa kusaini kitu ambacho hakimo kwenye kanuni za ujenzi.

mjenzi_mpya: Asanteni. Udongo wangu mfinyanzi mweusi, ule wa kunata

fundi_mwashi: Huo hapana mkuu, unavimba ukilowa na kunywea ukikauka. Tafuta wenye mchanga mwingi