Unasuuza mshipi? MIMI? Leo huyu mtu simwachi

Mtoto wa Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka Lake Fork, lile ziwa la huku Texas, sasa hivi, viatu sijavua, vidole vimekufa ganzi, lakini huu uzi naufungua kabla ya kulala maana nikilala na hili kifuani nitaamka nimepooza.

Simtaji jina. Hakuna haja. Kama uko Dallas na umewahi kushika fimbo ya kuvulia, unamjua: kofia ya kijani, boti inametameta, skrini tatu za sona, ile mitambo ya kuonyesha samaki majini, mbele utadhani anarusha ndege, na kila mtu kwake ni "mdogo wangu" hata uwe na mvi mpaka kwenye nyusi. Mtu nimemzidi umri!

Sasa. Juzi ule upepo baridi wa kaskazini ulipita, mnaujua. Leo anga jeupe, jua linawaka bila joto, maji yanasoma 51 Fahrenheit, yaani karibu 11 za Selsiasi. Mwezi wa tatu ndiyo kwanza unaanza. Besi, samaki tunayemvua huku, ana damu baridi, maji yakiwa hivyo tumbo lake linalala, chakula kinapita mbele ya pua anakitazama tu. Ziwa zima hakuna aliyekuwa anapata kitu. ZIWA ZIMA. Nimetupa jigi, ile ndoana yenye kichwa kizito, nimetupa mnyoo wa plastiki, nimetupa kile kisamaki bandia chekundu, nimesali. Hata kuguswa.

Na nipo na shemeji yangu, kaka wa mke, nimempeleka ajue dada yake ameolewa na mtu wa maji.

Bwana yule akaja na mota ya umeme, kimya, hodi hakuna. Akatupa ndoana katikati ya boti yangu na mti mkavu niliokuwa nauhangaikia tangu alfajiri. Akaacha. Akaacha tena. Akashtua kidogo. Akatoa jike, tumbo limejaa mayai, mdomo unameza ngumi.

Halafu, wakuu. Halafu. Akamnyanyua, akanigeukia, akauliza kwa sauti ya kutoa pole msibani: "Mdogo wangu, kwani wewe unavua au unasuuza mshipi?"

UNASUUZA MSHIPI.

Mimi niliyesomeshwa kwa sangara! Shemeji kacheka mpaka kashika ukingo wa boti. Njia nzima ya kurudi anacheka peke yake dirishani. Nimesimama kuweka mafuta, ananiambia: "Shem, usisahau kusuuza na kioo."

Samaki alikuwa wangu kwa sababu mti ulikuwa wangu. Aniombe radhi. Nawasilisha.

Chambo Mkavu
Nimesoma yote. Swali moja tu mkuu: ulisuuza kwa maji ya moto au baridi?

Binti Pangani
Huo mti una hati?

Mtoto wa Kirumba
Hamjaelewa. Kasema MBELE YA SHEMEJI.

Mzee wa Jigi
Mleta uzi punguza jazba. Maji ya 51 unavuta chambo mbiombio, besi gani atakimbiza? Umeandika mwenyewe "akaacha, akaacha tena". Ndiyo dawa yake hiyo. Unachukua kisamaki bandia kinachoganda katikati ya maji, unakishtua mara mbili, unakiacha mpaka usahau jina lako. Wanaanza kutaga maji yakifika kwenye 60 na kitu, saa hizi wako njiani tu, wamejibanza kina kinapoishia karibu na maji mafupi. Jamaa kakupa darasa bure.

Mtoto wa Kirumba
Darasa sijaomba mzee wangu. Nimeitwa dobi mbele ya shemeji.

Kibua Mkaango
Basi kuanzia leo humu ndani wewe ni Dobi.

Chambo Mkavu
Dobi, nina mashati mawili yanataka pasi.

Nanga
Tuseme kweli lakini, hizo sona za mbele ni wizi. Unamwona samaki alivyokaa, anavyogeuka, mpaka chambo kinavyomfikia. Hapo unavua au unachagua?

Kibua Mkaango
Sona inamwonyesha, haimlazimishi kula. Mimi ninayo. Nawaona vizuri kabisa wakinipuuza.

Mzee wa Jigi
Rekodi ya Texas ya besi mzito kuliko wote ilitoka Lake Fork hiyo hiyo, Januari 1992, ratili 18.18. Barry St. Clair wala hakuwa anamtafuta besi, alikuwa anavua krapi, samaki mwingine mdogo, kwa kisamaki hai! Nyie na skrini zenu tulieni.

Mama Kitoweo
Mimi nina langu. Mume wangu anaondoka usiku wa manane, anarudi usiku na PICHA. Picha inaungwa nazi?

Nanga
Mama, pale Lake Fork besi wa kati ya inchi 16 na 24 sheria inataka arudishwe majini.

Mama Kitoweo
Na wa chini ya 16?

Nanga
Huyo anaruhusiwa kuja naye.

Mama Kitoweo
Kumbe! Yeye kaniambia wote ni sheria. Ngoja arudi kazini.

Binti Pangani
Nanga umevunja nyumba ya mtu.

Msee wa Naivasha
Nyinyi mnalia juu ya baridi? Kujeni Naivasha. Besi waliletwa hapa kutoka Marekani enzi za mkoloni, miaka ya 1920, baridi ya kuwagandisha hakuna, na bado hawashiki! Siku hizi ukirusha unatoa samaki anaitwa kapu (carp) tu. Na kuna mwenye boti mmoja, wa huku mnamjua, mnaelewana bei ufuoni, mkifika katikati bei inapanda. Ukibisha anakuonyesha kiboko.

Chambo Mkavu
Kiboko wa kuchapa au wa majini?

Msee wa Naivasha
Wa majini bana. Amelala hapo tu, kama ameajiriwa.

Mtoto wa Kirumba
Jamani uzi wangu.

Mama Kitoweo
Turudi kwenye nazi. Yule muuza dagaa wa huku kwetu, mnamjua, pakiti kaandika Kigoma, ukifungua ni wa Mwanza, mchanga mtupu.

Mtoto wa Kirumba
Wa Mwanza wana kosa gani?

Mama Kitoweo
Mchanga. Wanaanikwa chini.

Mtoto wa Kirumba
Kuna wanaoanika kwenye vichanja mama, usichafue jiji zima kwa pakiti moja. Fungua uzi wako wa dagaa, nakuja huko huko.

Mama Kitoweo
Nishafungua.