Kanzu ya Idd ya mwaka jana bado yamtosha kijana wangu, nishaurini

Mama Cherehani (Langoni, Amu, yaani Lamu)
Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa nguo, nashona kanzu za watoto, na Ramadhani ikikaribia nyumba huwa ni vitambaa mpaka kitandani. Kijana wangu ana miaka kumi. Kila Idd humshonea kanzu mpya kwa sababu ya zamani huwa imempanda juu ya vifundo vya miguu. Safari hii nilimvisha ya mwaka jana ili nipate kipimo, nikaona pindo liko pale pale.

Babake humpima kila Idd ndogo na kuweka alama kwenye mwimo wa mlango. Nikachukua tepu. Alipokuwa na miaka saba alikuwa sentimita 117.5, kisha 123, kisha 128, na sasa 130.5. Yaani alikuwa akiongeza tano na zaidi, mwaka huu ni mbili na nusu tu.

Anacheza, anasoma, madrasa haendi kwa kusukumwa. Lakini binamu yake wa kike aliye mdogo kwake ameshampita. Babake asema nimwache, yeye mwenyewe alirefuka akiwa sekondari. Mavyaa asema ni jicho, asomewe na anyweshwe kombe (maji yaliyooshea aya za Kurani). Mimi ni mfupi, 156, babake 168. Ningoje au nifanye nini?

Baharia wa Shela
Waalaikum salaam. Mwache mtoto, dada. Mimi mpaka kidato cha tatu wakiniita Kidagaa. Leo milango yote ya zamani hapa Amu naipita kwa kuinama. Sikiliza maneno ya mumeo.

Bi Matondoni
Kuna mtu anamruka akiwa amelala? Sisi tulikatazwa kabisa, mtoto akirukwa hudumaa. Na kuna unga wa kuongeza urefu unauzwa mtandaoni, jirani yangu amemwagizia mwanawe kopo zima. Sijaona matokeo lakini.

Muuguzi Mstaafu (Mokowe)
Mama Cherehani, wewe umekuja na kitu ambacho wazazi wengi hawana: vipimo vya miaka. Wengi walikuwa wakiniletea mtoto na neno moja, "mfupi", na ufupi peke yake si ugonjwa. Wastani wa mvulana wa miaka kumi ni kama sentimita 138, wako yuko chini ya hapo lakini hajatoka kwenye kawaida. Na kwa kimo chenu wazazi si ajabu. Hesabu yetu ya kukisia kimo cha ukubwani ni hii: jumlisha kimo cha baba na cha mama, kwa mvulana ongeza 13, gawa kwa mbili. Yenu yatoa 168.5, na watoto wengi huishia ndani ya sentimita nane na nusu juu au chini ya hapo.

Ninapoachana na Baharia ni kwenye mwendo wa kurefuka. Mtoto hurefuka kama sentimita 25 mwaka wa kwanza, kama 12 wa pili, kisha hushuka polepole hadi tano au sita kwa mwaka, na hapo hukaa mpaka abaleghe. Wavulana huanza kubaleghe kati ya miaka 9 na 14. Kabla tu ya hapo mwendo hupungua kidogo, na wale wa kuchelewa, kama mumeo, hupungua zaidi. Kwa hiyo huenda mumeo yuko sawa. Lakini mtoto akiongeza chini ya nne kwa mwaka mzima, sisi hutafuta sababu kwanza, hatungoji sekondari ifike.

Mpime tena, si mlangoni, ukutani. Asiwe na viatu wala kofia. Visigino, matako na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele, halafu weka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa na uweke alama chini yake. Fanya asubuhi, maana jioni mtu hupungua hata sentimita nzima. Alama ya mwaka jana ikikosea kidogo juu na ya mwaka huu ikikosea kidogo chini, mtoto mzima aonekana mgonjwa. (Tangu Idd iliyopita hadi sasa si mwaka kamili, ila hiyo yala milimita chache tu.)

Kisha niambie: uzito wake ukoje? Choo? Mkojo una damu? Kuna dawa yoyote anayotumia?

Bi Matondoni, unga wa kopo hauongezi kimo. Hela hiyo ni samaki wa wiki nzima.

Mama Cherehani
Nimempima leo baada ya alfajiri, 130.8. Uzito haujapungua, mashavu ndiyo yamejaa, watu wananipongeza. Choo na mkojo sawa, dawa za minyoo walipewa shuleni. Dawa nyingine hana, ila ana pumu. Tangu kaskazi ianze kifua kimemsumbua sana, na kila kikibana twanunua vidonge vidogo kwenye duka la dawa. Vyampa nafuu siku hiyo hiyo, na hamu ya kula juu yake.

Muuguzi Mstaafu (Mokowe)
Hebu soma pakiti. Ni prednisoloni?

Mama Cherehani
Ndiyo. Ya miligramu 5.

Muuguzi Mstaafu (Mokowe)
Basi tuna pa kuanzia. Hiyo ni steroidi. Dawa nzuri, imeokoa watoto wengi waliobanwa kifua, lakini ni ya siku chache kwa amri ya daktari. Ikirudiwa rudiwa hupunguza mwendo wa kurefuka, na mashavu kujaa na njaa ya ghafla ni alama zake. Pumu isiyotulizwa nayo humchelewesha mtoto. Sisemi ndiyo sababu, nasema daktari lazima aisikie.

Usimkatize ghafla. Mwili uliozoea steroidi ya dawa hulegea kutengeneza ile yake wenyewe, na kuiacha kwa mara moja kwaweza kumletea hatari. Daktari ndiye atakayepanga namna ya kuipunguza, na huenda akampa pampu ya kuvuta kila siku. Baadhi ya pampu zina steroidi pia, lakini kipimo ni kidogo na huenda mapafuni. Athari yake kwa kimo ni kama sentimita moja. Usiikatae kwa hofu hiyo.

Nenda hospitali ya King Fahd na namba ya SHA (bima ya afya ya serikali), kitabu chake cha kliniki, vile vipimo vya mlangoni na pakiti zote za dawa. Uliza kuhusu damu, tezi ya shingo (thairoidi), figo, na eksirei ya kiganja cha kushoto, ambayo huonyesha umri wa mifupa. Mifupa ikiwa nyuma ya miaka yake, bado ana nafasi ya kurefuka. Kombe la mavyaa halizuii hospitali, mnyweshe na mwende.

Baba Wawili (Malindi)
Naongezea moja. Binti yangu alisimama hivi hivi, hakui ila ananenepa, analala ovyo, choo kigumu, baridi hata jua la saa saba. Ikawa tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri. Anameza kidonge kimoja kila asubuhi na ameanza kuwafikia wenzake. Daktari alituambia mtoto anayekonda na harefuki hutafutiwa kwenye chakula, tumbo, au ugonjwa wa muda mrefu. Anayenenepa na harefuki hutafutiwa kwenye homoni na dawa. Mashavu ya kijana wako yamenikumbusha hilo.

Baharia wa Shela
Hiyo ya dawa sikuijua. Nenda, dada. Na mumeo mwambie nimeghairi.

Mama Cherehani
Ahsanteni sana. Twavuka kwenda Jumatatu, mume amekubali. Je, hivyo vipimo vya damu yataka afunge? Kijana hatoki nyumbani bila chai na mahamri.

Muuguzi Mstaafu (Mokowe)
Kuvuka kwenda wapi, na King Fahd iko hapo hapo Amu? Nilivyovitaja havihitaji kufunga. Mpe chai yake, na dawa ya pumu aibebe mfukoni.

Mama Cherehani
Haha, mimi niko kwa mamangu Matondoni wiki hii, twaja kwa mashua.