Mjadala: Klabu ya roboti ya sekondari ina kazi gani mwaloni?

Mzazi_Ilemela
Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili bila matusi. Huku kwetu Ilemela, Mwanza, kuna shule ya sekondari (jina naliacha, wanaojua wanajua) ina klabu ya roboti. Mwaka huu mwalimu wao kawaambia kushinda mashindano hakutoshi, lazima kazi yao iguse jamii. Basi kila Jumamosi watoto wako mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, kwa akina mama wanaoanika dagaa. Wametengeneza mtambo: mvua ikianza, turubai linajikunjua lenyewe na kufunika dagaa. Kwenye kikao cha wazazi tulikaribia kukunjana mashati. Wengine wanasema hiyo ndiyo elimu, wengine wanasema hatukumpeleka mtoto shule akavute turubai, na kidato cha nne wana mtihani Novemba. Swali: klabu kama hii ilazimishwe kazi za jamii, au iachwe ijifunze roboti?

Ng'wana_Magu
Kidato cha nne waachwe wasome. Wengine waende. Mjadala umeisha.

Fundi_Redio_Mabatini
Haujaisha. Mota gani inavuta turubai? Hapo ndipo pa kuanzia.

Sekenke
Mwalimu yuko sahihi kabisa na wazazi hawajui mchezo wenyewe. Mashindano haya ya roboti asili yake ni Marekani. Bwana Dean Kamen, huyo huyo aliyebuni Segway, kile kigari cha umeme cha magurudumu mawili, alianzisha FIRST, shirika linaloendesha mashindano hayo, mwaka 1989, na shindano la kwanza la sekondari likafanyika 1992. Tuzo yao kubwa kuliko zote haiendi kwa roboti iliyoshinda uwanjani. Inakwenda kwa timu iliyofanya kazi ya maana kwenye jamii yake. Zamani iliitwa Chairman's Award, siku hizi Impact Award. Kwa hiyo jamii si pambo, ndiyo mchezo.

Mchambuzi_Nyegezi
Asante mkuu kwa kutufumbua macho. Kumbe mama wa dagaa ni maksi.

Sekenke
Usinilishe maneno.

Mchambuzi_Nyegezi
Umekula mwenyewe. Umesema tuzo kubwa inapatikana kwa kuhudumia jamii. Mtoto akishajua hivyo anamwangalia yule mama kwa jicho gani? Halafu yale mashindano ya dunia, FIRST Global, mwaka wa kwanza 2017 kule Washington mada ilikuwa maji safi. Unajua roboti zilifanya nini? Zilichambua mipira. Ya bluu ndiyo maji, ya rangi ya chungwa ndiyo uchafu. Hakuna aliyekunywa.

Sekenke
Ule ni mchezo, lengo ni kumfundisha mtoto kufikiri. Wewe mpira wa miguu unakunywa?

Kapeto_wa_Capri
Samahanini, yaani watu wazima wanabishana mpaka usiku kuhusu dagaa wa Mwanza? Hawa hawa wenye mchanga? Nunua kilo, robo nzima ni ufukwe. Kwangu wale ni wa kuku. Mtu akitaka dagaa aagize Kigoma.

Binti_Ukerewe
Wewe kaka wa Capri Point, mtaa wa wenye nazo, nimekuvumilia nyuzi nyingi, leo hapana. Hao unaowaita wa kuku ndio walionivalisha sare na kunilipia mabweni. Na nikwambie kitu ambacho huko mlimani hamkioni. Dagaa wanavuliwa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala. Kwa hiyo mama ana siku zake chache za kazi kwa mwezi. Mzigo unashuka alfajiri, anaumwaga, anautandaza kwa mikono kabla jua halijawa kali, anaugeuza. Jua likikaa sawa, jioni wanakusanywa wakiwa weupe wanang'aa, hao ni wa kula. Mvua ikiwapiga saa saba wanakuwa wa njano, wanalainika, wananuka, na jioni anakuja mtu wa chakula cha kuku anataja bei anayotaka yeye. Dagaa wa kuku ni dagaa walionyeshewa, kaka. Ndiyo huo mtambo unaoucheka.

Kapeto_wa_Capri
Sijacheka mtambo, nimesema mchanga. Mchanga upo au haupo?

Mha_wa_Ujiji
Sisi wa Kigoma tulikuwa tumekaa kimya kwa adabu, lakini kwa kuwa tumetajwa, mchanga upo.

Binti_Ukerewe
Na wenu mnawaanika wapi, mawinguni?

Mha_wa_Ujiji
Dada tulia. Hata ukoo hawachangii. Wa Tanganyika ni jamaa wa sadini, wale samaki wa kopo, wana mafuta yao. Wa kwenu huko wako karibu zaidi na ningu. Ni kama kumlinganisha Muha na Mmasai kwa sababu wote wanavaa viatu.

Ng'wana_Magu
Ningu ni mtamu kuliko samaki wote wa ziwa hili, usimtaje kwa dharau.

Kapeto_wa_Capri
Ningu yupo bado? Sangara si alishamaliza kila kitu?

Ng'wana_Magu
Yupo, ila umpate kwa kujuana.

Msimamizi
Turudi kwenye mada tafadhali. Ya ningu fungueni uzi wake.

Mha_wa_Ujiji
Mada ni dagaa, mkuu.

Msimamizi
Mada ni wanafunzi.

Kidato_cha_Tatu
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa wanaklabu. Nimesoma yote, naomba nieleze kidogo. Sensa yetu, yaani kihisi cha mvua, ni kipande cha bodi chenye mistari ya shaba iliyokaribiana bila kugusana. Tone la maji likianguka linaunganisha mistari, umeme kidogo unapita, programu inaiamuru mota izunguke. Shuleni ilifanya kazi vizuri sana. Mwaloni tatizo la kwanza lilikuwa korongo. Wanatua juu ya nguzo tuliyofunga sensa, wanafanya haja yao pale pale. Mchana jua kali, hakuna hata wingu, turubai linafunika dagaa wa watu. Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Tukahamisha sensa chini, ikawa inashtuka kila mtu akipita na ndoo inayochuruzika. Mwisho mama mmoja akatuambia, wanangu, niwekeeni kitufe tu. Tukaweka swichi ya mkono. Sasa wanaitumia.

Mchambuzi_Nyegezi
Marahaba mwanangu. Kwa hiyo roboti imekuwa swichi.

Fundi_Redio_Mabatini
Na swichi ndiyo sahihi! Bwana mdogo, hapo mmejifunza kuliko kwenye kombe lolote. Sensa ya namna ile inajua mvua ikiwa imeshanyesha. Mama aliyekulia pale anaiona mvua ikiwa bado iko huko ziwani, upepo ukibadilika tu ameshainuka. Sasa jibu swali langu, mota gani?

Kidato_cha_Tatu
Ya wipa ya gari, volti 12, na betri ya pikipiki. Turubai likilowa inashindwa kulirudisha.

Fundi_Redio_Mabatini
Lazima ishindwe. Mota ya wipa ina nguvu ila mnaivutisha moja kwa moja. Wekeni kapi, na lile turubai likatwe vipande viwili, kila upande wake.

Sekenke
Mnaona? Mtoto wa kidato cha tatu anazungumza volti na sensa kwa sababu ya kwenda mwaloni. Wanaopinga wana lipi tena?

Binti_Ukerewe
Mimi sipingi, ila nina swali kwa mdogo wangu hapo juu. Kabla ya kutengeneza, mliwauliza akina mama wanataka nini?

Kidato_cha_Tatu
Hapana dada. Mwalimu alikuja na wazo, sisi tukachora.

Binti_Ukerewe
Nilidhani hivyo. Mama yangu na wenzake wamelilia vichanja miaka nenda rudi. Miti, mbao na wavu, unaanika juu, hewa inapita chini. Dagaa wanakauka haraka, na huo mchanga unaomnyima Kapeto usingizi haupo. Mvua ikija unakunja wavu na dagaa wake ndani. Hakuna betri hapo.

Kapeto_wa_Capri
Kwa hiyo umekubali mchanga upo.

Binti_Ukerewe
Nenda kalale.

Mwalimu_wa_Hesabu
Mimi si mwalimu wa shule hiyo, nafundisha kwingine, lakini maneno ya "hamkuwauliza" yananiuma. Mwalimu wa klabu hana posho, vifaa ananunua kwa mfuko wake, Jumamosi anaacha familia yake. Akileta wazo anasimangwa. Dada, kichanja ni kitu kizuri, lakini kichanja hakipelekwi kwenye mashindano. Atawaonyesha nini waamuzi, misumari?

Mchambuzi_Nyegezi
Mwalimu umemaliza kazi. Narudia maneno yako: "kichanja hakipelekwi kwenye mashindano." Na Sekenke anatuambia tuzo kubwa ni ya jamii. Sasa jamii imetaka kichanja.

Sekenke
Waamuzi wa tuzo ile hawaangalii roboti peke yake. Ukiwaonyesha vichanja ishirini na akina mama wanaovitumia, wanasikiliza.

Mwalimu_wa_Hesabu
Ishirini vya nani? Mbao unanunua wewe? Nyie wa kwenye simu mna moyo mwepesi sana kwa fedha za wenzenu.

Ng'wana_Magu
Mwalimu hapo kasema kweli. Tangu elimu bila ada ianze 2016 mzazi akisikia neno mchango anazima simu.

Mzazi_Ilemela
Jamani mmeniacha mbali. Mimi niliuliza watoto walazimishwe au wasilazimishwe.

Mchambuzi_Nyegezi
Mzazi, mwanao yumo klabuni?

Mzazi_Ilemela
Hilo halihusiani.

Mchambuzi_Nyegezi
Yumo au hayumo?

Mzazi_Ilemela
Aliomba. Waliochaguliwa walikuwa kumi na wawili, wengi ni wale wenye kompyuta nyumbani. Ndiyo maana nauliza hii "jamii" inaanzia wapi, mwaloni au darasani kwao.

Binti_Ukerewe
Pole mzazi. Hilo ungelisema mwanzo tungekuelewa mapema.

Mwalimu_wa_Hesabu
Kompyuta zenyewe shuleni unakuta mbili zinazowaka. Klabu ya watoto themanini utaiendeshaje?

Mzazi_Ilemela
Kupigilia misumari kunahitaji kompyuta?

Mwalimu_wa_Hesabu
Hapo nakubali kunyamaza kwa leo. Nina madaftari ya kusahihisha.

Kidato_cha_Tatu
Mzazi, akitaka aje Jumamosi. Kuna kazi ya kushika ngazi na kuchimba mashimo ya nguzo, hakuna anayeulizwa kompyuta. Fundi, kapi tunapata wapi?

Fundi_Redio_Mabatini
Njooni Mabatini, ulizeni kwa fundi redio mwenye kibanda cha bluu. Makapi ya vyuma chakavu ninayo. Mje na kipimo cha turubai mkononi, msije na mchoro. Na huyo dada wa Ukerewe, mama yako kichanja anakitaka urefu gani?

Binti_Ukerewe
Hadi kiunoni. Mgongo umechoka kuinama.

Mha_wa_Ujiji
Kigoma tunavyo siku nyingi, mkitaka picha niambieni.

Kapeto_wa_Capri
Tuma.