Mrejesho: zile betri tatu kuukuu za gari

Jamani, nashukuru sana. Niliuliza nizipeleke wapi betri tatu za gari zilizokaa stoo, moja imepasuka na inavuja asidi. Nilivaa glavu nikamwagia magadi pale ilipovuja. Povu lilifoka, nikaongeza mpaka likakoma. Zile mbili nzima nilizipeleka zikiwa wima ndani ya beseni la plastiki, duka nililonunulia mpya wakazipokea na kunipunguzia bei. Iliyopasuka wameikataa, bado ninayo kwenye beseni, mbali na watoto. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliitaka, ila alisema kwanza ataimwaga asidi mtaroni. Nikamnyima. Niko Mombasa, na yaliyowapata watu wa mtaa wa Owino Uhuru hapa kwetu kwa sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu nayajua.