Tupeane uzoefu: Mlioishi Uingereza, gari la kunasa TV mliwahi kuliona likifanya kazi?

DadaWaReading (mwanzisha mada)

Habari zenu wana jukwaa. Kila vyuo vinapofunguliwa, na kila linapoingia kundi jipya la wauguzi na wahudumu wa wazee, naulizwa swali lilelile: "Dada, ni kweli kuna gari linapita mtaani linajua nani anaangalia TV bila leseni?" Wapo wanaozima TV wakisikia gari limesimama nje. Nimemkuta binti amefunika dirisha kwa blanketi mchana kweupe.

Kwa mlio nyumbani msioijua habari hii: Uingereza, ukiangalia matangazo ya TV ya moja kwa moja lazima nyumba yako iwe na leseni. Aprili 2025 ada ilipanda hadi pauni 174.50 kwa mwaka, na fedha hiyo ndiyo inayoiendesha BBC. Kuangalia bila leseni ni kosa la jinai na faini yake inaweza kufika pauni 1,000. Ndiyo maana hofu ni kubwa kwa mtu ambaye hata mshahara wa kwanza hajaupata.

Msimamo wangu nauweka wazi: wanaokamatwa wanakamatwa kwa orodha ya anwani zisizo na leseni na kwa maneno ya mlangoni. Gari ni la kutisha zaidi kuliko la kukamata. Lakini nataka kusikia kwenu, hasa yale mliyoyaona kwa macho yenu. Karibuni.

MzeeWaCoventry

Mwanangu, hii mada umeileta wakati wake. Mimi nimefika hapa miaka ya sabini mwishoni, kijana wa chuo. Magari yalikuwepo na niliyaona. Yana antena juu ya paa, yameandikwa ubavuni kwa herufi kubwa ili kila mtu ajue ni kitu gani. Na hilo la maandishi lilinishangaza tangu siku hiyo, maana anayetaka kukamata mwizi haji na ngoma.

Gazeti la mji lilikuwa linatangaza kabisa kwamba magari yanakuja wiki fulani. Basi siku hizo foleni ya posta ilikuwa inafika nje, watu wanakimbilia leseni. Kwenye TV yenyewe walikuwa wanaweka tangazo: wataalamu wamekaa ndani ya gari, wanataja nyumba namba fulani, chumba cha mbele, na kipindi kinachoangaliwa. Watoto walikuwa wanaogopa usiku.

Sasa niwaambie jambo ambalo vijana hamkulikuta. Ulikuwa ukinunua TV dukani, muuzaji anakuandika jina na anwani. Ilikuwa sheria, ya mwaka 1967, kila muuza TV apeleke taarifa ya mauzo. Sheria hiyo iliondolewa 2013 tu hapa juzi. Kwa hiyo jina lako lilikuwa limeshafika kabla hujachomeka waya ukutani. Gari la nini tena?

FundiMawimbi

Shikamoo Mzee wa Coventry. Wakuu, mimi ni fundi redio, nilianzia Morogoro, sasa niko Birmingham. Naomba nisimame upande wa mtambo kidogo, maana kuna wanaosema magari yale yalikuwa matupu tangu mwanzo. Hapana. Kwa TV za chogo, kanuni ni ya kweli na inafanya kazi.

Magari ya kwanza ni ya 1952, enzi leseni iko chini ya Posta. TV ya wakati huo ilichora picha kwa mistari 405, mara 25 kwa sekunde. Zidisha: koili zinazouvuta mwali wa elektroni kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine zinafanya kazi hiyo mara 10,125 kwa sekunde. Koili hizo zinatoa uga wa sumaku unaotoka nje ya nyumba, na ukiwa na antena ya duara juu ya gari unaunasa. TV za mistari 625 zilipokuja, namba ikawa 15,625. Waliolelewa na TV ya chogo wanaikumbuka: ule mlio mwembamba kama wa mbu, unaousikia TV ikiwashwa hata kama sauti umeizima kabisa.

Baadaye wakahamia njia nzuri zaidi. Kila TV ya antena ina sakiti ndani inayotengeneza wimbi lake yenyewe, lichanganywe na wimbi la kituo. Mafundi tunaiita osileta. Wimbi hilo huvuja kidogo kurudi kwenye antena na kutoka nje. Kwa TV za Uingereza zilizopokea masafa ya juu ya UHF, tofauti kati ya osileta na wimbi la picha la kituo ilikuwa megahezi 39.5. Ukinasa uvujaji, unatoa hesabu, unapata chaneli. Siyo tu kwamba TV imewashwa; unajua anaangalia BBC au ITV. Idara ya ujasusi ya MI5 ilitumia kanuni hiyohiyo kutafuta redio za wapelelezi wa Kisovieti, operesheni yao ikaitwa RAFTER. Kwa hiyo tusiwaite waongo wale wahandisi. Walijua kazi yao, nami nawaheshimu.

Shida ni leo. TV bapa haina zile koili. Osileta imo ndani ya chipu iliyofunikwa, uvujaji ni kiduchu, na mtaa umejaa kelele za chaja, ruta na taa za LED. Halafu nyumba za ghorofa, vyumba arobaini vimepandana. Kunasa TV moja hapo na kusema "ni ya chumba kile" mimi sikubali kirahisi.

Kibushuti_254

Hamjambo wenzangu. Niko Milton Keynes, nimetoka Nakuru. Gari sijawahi kuona hata siku moja. Nilichokiona ni barua. Nilipopanga hii nyumba nilizikuta zimejaa mlangoni, zimeandikwa kwa "mkaaji halali" bila jina, nyingine na maandishi mekundu kuwa uchunguzi umefunguliwa. Mke wangu alishtuka sana.

Baadaye akaja mkaguzi, bwana mmoja wa makamo, mpole. Akauliza kama tuna TV. Nikamwambia tunayo, tunatazama Netflix na filamu za kukodisha, hatutazami chaneli zozote. Hakuingia, sikumkaribisha, tukaagana vizuri. Kisha nikajaza tamko kwenye tovuti kwamba nyumba hii haihitaji leseni. Barua zikakoma. Baada ya kama miaka miwili wanauliza tena, unathibitisha, basi.

Kitu ningependa kila Mwafrika mgeni ajue: mkaguzi si polisi. Hana haki ya kuingia nyumbani kwako usipomruhusu. Akitaka kuingia kwa nguvu ya sheria lazima awe na kibali kutoka mahakamani. Sisi tumelelewa kwamba mtu akija na kitambulisho shingoni unamfungulia na chai unampa. Hapa si utovu wa adabu kuongea naye mlangoni, au kufunga mlango.

BintiMkunazini

Assalaam alaykum. Alosema Kibushuti ni kweli tupu, nami naongeza la upande wa wanawake, kwa sababu linaniuma.

Nipo Barking. Jirani yangu, dada wa kwetu Unguja, ana watoto wadogo watatu na Kiingereza chake bado kilikuwa kidogo. Mchana mumewe yuko kazini, kukapigwa hodi. Akafungua, TV inasikika sebuleni, watoto wanaangalia katuni. Akaulizwa maswali, akajibu kwa heshima, akapewa karatasi atie sahihi, akatia. Hakuelewa kuwa ile ilikuwa maelezo yake chini ya onyo la sheria, yatakayotumika dhidi yake. Baada ya muda zikaja karatasi za mahakama. Kesi hizi huamuliwa na hakimu mmoja kwa karatasi tu, mshitakiwa hayupo. Usipojibu barua, hukumu inatoka bila neno lako.

Hapakuwa na gari. Hapakuwa na mtambo. Palikuwa na mama, mlango, na kalamu.

Na si yeye peke yake. Waliohukumiwa kwa kosa hili Uingereza wengi mno ni wanawake, miaka kadhaa wamefika kiasi cha saba katika kila kumi. BBC wenyewe waliagiza uchunguzi kuhusu pengo hilo, ripoti ikatoka 2017. Sababu kubwa iliyotajwa ni hiyohiyo: mwanamke ndiye anayekuwepo nyumbani na ndiye anayefungua mlango. Sasa gari lingekuwa linanasa TV, lingenasa za wanaume na wanawake sawasawa. Hebu lifikirieni hilo.

Ngosha_Leeds

BintiMkunazini umeniletea hoja ambayo sikuwahi kuisikia. Namba hiyo inasema mengi kuliko hadithi zote za antena.

Fundi, mimi nakupinga kiasi. Kama mtambo upo, mbona ushahidi wake haujawahi kuletwa mahakamani? BBC wameshaulizwa kwa sheria ya haki ya kupata taarifa, majibu yao ni kwamba wanautumia kuombea kibali cha kupekua, siyo kumtia mtu hatiani. Magari ni mangapi hawasemi. Yanafanyaje kazi hawasemi. Kitu ambacho hakijawahi kuhojiwa na wakili hata mmoja, mimi siwezi kukiita ushahidi.

FundiMawimbi

Ngosha, hoja yako nzito na sina ugomvi nayo. Ila usichanganye "hautumiki mahakamani" na "haupo". Mwaka 2013 magazeti ya hapa yalichapisha maelezo kutoka kwenye karatasi za kuombea kibali. Kilichoelezwa humo si antena tena, ni lenzi. TV ikiwa sebuleni, mwanga wake unacheza ukutani na kwenye pazia kufuata picha. Lenzi kubwa inakusanya mwanga huo kutoka dirishani, inaugeuza kuwa umeme, halafu unalinganishwa na matangazo yanayorushwa dakika hiyohiyo. Mchezo wa mwanga ukilingana na chaneli, wanajua unaangalia nini.

Kifizikia inawezekana kabisa. Mwaka 2002 Markus Kuhn wa Cambridge alionyesha kwamba hata mwanga wa kioo cha kompyuta cha chogo uliogonga ukuta unatosha kurudisha maandishi yaliyokuwa kwenye kioo. Kwa hiyo yule binti wa blanketi, Dada, kisayansi hakukosea! Lakini gari lazima lisimame mbele ya dirisha lako, usiku, upande wa barabara, na wewe uwe unaangalia. Nyumba zipo mamilioni. Hakuna mwenye gari za kutosha kwa kazi hiyo. Wataipeleka kwa anwani ambayo tayari wanaishuku, na hapo tunarudi kwenye orodha.

DadaWaReading

Nashukuru Fundi. Kwa haki niongeze: mwaka 2016 CAG wa Uingereza, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aliandika kwenye ripoti yake kuwa watumishi wake walionyeshwa, katika mazingira ya majaribio, kwamba magari hayo yanaweza kutambua mtu anayeangalia hata kwenye kifaa kisicho TV. Mwaka huohuo, tangu Septemba 1, iPlayer, huduma ya BBC ya kuangalia vipindi mtandaoni, ikaanza kuhitaji leseni hata kwa vipindi vya kujirudia. Magazeti mengine yakaandika kwamba magari yatanusa waifai za watu. BBC wakakana kuwa wanafanya hivyo.

Msimbazi_Damu

Samahani wakuu, mimi niko Slough. Naangalia mechi za ligi ya nyumbani mubashara kwenye simu kwa aplikesheni ya kulipia. Hiyo si BBC wala si Uingereza. Leseni inanihusu?

Ngosha_Leeds

Inakuhusu mkuu, na hapa wengi wetu ndipo tunapoteleza. Sheria haiangalii chaneli ni ya nani. Kipindi cha TV cha moja kwa moja, kitoke Dar, Nairobi au Muscat, kwa dishi au kwa intaneti, kwa TV au simu, ukikiangalia ukiwa Uingereza kinahitaji leseni. Marudio ya mechi yasiyo ya iPlayer na video za kawaida za YouTube havihitaji. Netflix haihitaji ila ukifungua tukio la mubashara.

NesiWaSheffield

Nyongeza kwa wanafunzi wa hosteli. Leseni ya chuo haifuniki chumba chako. Ukiwa na mkataba wako mwenyewe wa chumba, unahitaji leseni yako. Mkipanga nyumba nzima kwa mkataba mmoja wa pamoja, moja inatosha. Na kama wazazi wako wanaishi hukuhuku na wana leseni, unaweza kuangalia kwenye simu au laptopu inayotumia betri yake, mradi haijachomekwa kwenye umeme. Nilikuwa nachaji kwanza, ndipo naangalia. Wanaorudi nyumbani likizo ndefu waombe kurudishiwa fedha ya miezi kamili isiyotumika, wengi hawajui.

Mswahili_Dortmund

Huku Ujerumani mjadala huu ulikufa. Tangu 2013 kila kaya inalipa, uwe na TV usiwe nayo, sasa hivi yuro 18.36 kwa mwezi. Ukisajili makazi yako manispaa, barua inakufuata. Hakuna anayehitaji kujua unaangalia nini. Ni ghali, lakini hakuna mama anayeshtuliwa mlangoni.

BintiMkunazini

Hilo la kaya nalikubali kwa moyo wote, japokuwa wasio na TV watalalamika. Kwa sasa jirani yangu tumemtafutia kituo cha ushauri wa bure, wakamsaidia kujibu zile karatasi ndani ya muda na kueleza hali yake ya kipato. Jamani msizitupe hizo karatasi.

Msimbazi_Damu

Nimeelewa, nanunua leseni wiki hii, unaweza kulipa kidogokidogo kila mwezi kumbe. Swali la mwisho: bibi yangu anaishi nasi, ana redio yake tu chumbani. Redio nayo?

MzeeWaCoventry

Leseni ya redio ilifutwa Februari 1971, kijana wangu. Mwache bibi asikilize.