Nyasi zimeota: mkaguzi aachie dhamana ya mgodi au agome?

Mkazi wa Lexington: Wakuu, kuna mzee wa kizungu ninafanya naye kazi ghalani, ana ardhi ya urithi milimani mashariki ya Kentucky. Kampuni ilichimba makaa ya mawe juujuu, ikafukia, ikapanda majani, sasa inaomba kipande cha mwisho cha dhamana yake. Kwa sheria aliyosaini Rais Carter wa Marekani mwaka 1977, hela hii inawekwa kabla ya kuchimba, halafu inarudi kwa awamu: wakishafukia na kusawazisha, mpaka asilimia 60; majani yakishika, nyingine; iliyobaki, muda wa kusubiri ukiisha. Mzee kaalikwa kwenye ukaguzi na anataka kuweka pingamizi, maana kijito chake kina maji ya rangi ya kutu. Mkaguzi akikuta kijani kila upande, aachie au agome?

Mwana wa Mbinga: Aachie. Kampuni imetunza majani miaka 10, mnataka imnyonyeshe na mtoto?

Mama Furaha: Miaka 10 ni magharibi kwenye ukame, kama Wyoming, mvua isiyozidi inchi 26 kwa mwaka. Kentucky ni 5. Na inahesabiwa tangu walipoongeza mbegu au mbolea mara ya mwisho. Someni kabla ya kuandika.

Mwana wa Mbinga: Haya mwalimu, 5. Jibu langu halijabadilika. Huko kuna elki siku hizi, wanyama jamii ya kulungu, mkubwa kama farasi. Kentucky ilianza kuwaleta kutoka majimbo ya magharibi mwaka 1997, ikawaachia kwenye migodi iliyofukiwa, na wamezaana mpaka watu wanalipa kwenda kuwatazama. Mnyama hakai penye sumu.

Nyati Mzee: Hapo ndipo ninapowajua nyinyi. Mnyama akishaonekana, mtu hana tena ruhusa ya kuuliza maji yake. Ngorongoro tumeimbiwa wimbo huo huo.

Mwana wa Mbinga: Nani kataja Ngorongoro? Tukizungumzia bei ya saruji, unakuja na ng'ombe. Tukizungumzia Marekani, ng'ombe.

Nyati Mzee: Ng'ombe hao wamenisomesha mpaka chuo kikuu. Wewe malori ya makaa yanapita mlangoni kwenu Ruvuma mchana na usiku, umebaki na vumbi, unawatetea wenye makaa wa Kentucky. Wanakulipa?

Mama Furaha: Turudi kwenye mada, jamani. Majani si ushahidi. Miaka mingi buldoza zilipita juu ya kifusi tena na tena ili mlima usiporomoke, udongo ukawa sakafu. Majani ya lespedeza yanaota hapo, mzizi wa mwaloni haupenyi. Ndiyo maana wataalamu wa misitu sasa wanataka futi nne za juu ziachwe zimelegea. Na hiyo kutu: mwamba wenye salfa ukipata hewa na maji unatoa asidi na chuma, na unaweza kuendelea hata mchimbaji akishaondoka. Sheria yenyewe inamtaka mkaguzi aseme kama maji yanachafuliwa, kama yataendelea kuchafuka, na kuzuia kutagharimu kiasi gani. Mzee apeleke sampuli ya maji. Asibishane juu ya nyasi.

Nyati Mzee: Dada, "jamani" ya nini? Mimi nimetukanwa, wewe unanifundisha lespedeza.

Fundi wa Kolwezi: Ndugu zangu, mnanichekesha. Kwetu Kolwezi, mji wa migodi kule Kongo, shimo liko na mji, mji uko na shimo. Sijaona mtu analinda majani hata wiki moja. Huyo mzee anaandikiwa barua aje kukagua, bado analalamika? Mupeni pole yangu.

Mkazi wa Lexington: Fundi, usiwaone watakatifu. Mwaka 2019 kampuni ya makaa Blackjewel ilifilisika, hundi za mishahara zikagoma benki, wachimbaji wa wilaya ya Harlan, Kentucky, wakaenda kukaa relini kuzuia treni ya makaa. Kampuni ikifa, hiyo dhamana ndiyo tegemeo linalobaki la kufukia.

Mwana wa Mbinga: Basi ukiibana hela yake ndiyo unaiua haraka zaidi. Ardhi hiyo ingejengwa kiwanda, watoto wa huyo mzee wapate kazi.

Mkazi wa Lexington: Walijenga jela. Big Sandy, wilaya ya Martin, juu ya mlima uliokatwa kichwa. Ikaanza kudidimia kabla haijafunguliwa, wenyeji wakaipa jina la utani la kuzama.

Nyati Mzee: Wafungwa na elki. Mwenye ardhi mnamwekea wapi?

Mwana wa Mbinga: Mwekee boma lako.

Mama Furaha: Hakuna aliyesoma nilichoandika kuhusu maji.

Fundi wa Kolwezi: Mama, tumesoma. Lakini huyu elki, wanamuwinda?

Mkazi wa Lexington: Wanamuwinda. Vibali ni vya bahati nasibu: unalipa dola 10, unasubiri jina lako litoke.

Nyati Mzee: Kwa hiyo mgeni mwenye dola 10 anaweza kumpiga mnyama, sisi tukimfukuza kwenye zizi tunapelekwa mahakamani. Endeleeni.

Fundi wa Kolwezi: Mimi niko Louisville. Ni saa ngapi mpaka huko kwa elki, na nyama yake iko kama ya nini?